Ubeti wa Pili Nilimuua Mama

Jamani, mimi nabeba maboksi ghalani huku Mesquite, Marekani, ila kichwani ni mwimbaji wa muziki wa country. Nikishika gitaa naelea, naona barabara ndefu, treni, mawingu. Sasa country bila huzuni hainogi, na mimi sina msiba wowote. Basi kwenye wimbo wangu, ubeti wa pili nikamuua mama.

Wakati wa lunch nikamwimbia dada Neema, Mbongo mwenzangu pale kazini. Akalia, kola ikalowa.

"Pole Seba, mdogo wangu. Alifariki lini?"

Yale machozi yalikuwa matamu, ningeyaharibuje? Nikamjibu, "Juzi."

Jumamosi asubuhi kanivamia apartment na kina mama sita, kanga kiunoni, sufuria la pilau, wakakaa chini kwenye zulia. Wakaomba niimbe. Nikafumba macho, nikaelea, sebule nzima inalia, najiona jukwaani kabisa.

Simu yangu ikaita. Dada Neema akaiwahi.

"Video call ya Bongo hii, ngoja tuwape pole wafiwa!"

Sura ikatokea, imejaa kioo kizima.

"Hamjambo wanangu? Mimi mama yake Seba. Mbona mnalia, kafa nani?"