Gauni la Zambarau la Ersilia

Ersilia Bragadini alishona nguo za jumba la opera la mji wetu miaka arobaini na moja, na hakuna mtazamaji hata mmoja aliyewahi kumwona. Fundi nguo kwetu hapandi jukwaani. Lakini mwaka huu alikuwa anastaafu, na wakubwa wakaamua kwamba siku ya onyesho la kwanza naye atatoka mbele kuwainamia watazamaji pamoja na wengine. Wiki nzima hakutulia. Alifagia palipofagiwa, akakunjua nguo alizokwisha kuzikunja.

Tatizo lilikuwa mumewe. Nevio ndiye kinara wa roshani ya juu kabisa, tunakokaa sisi wa tiketi rahisi, na mimi jirani yao hukaa ubavuni mwake. Nevio akipiga mluzi, roshani nzima inazomea. Na hizi opera za kale zinazovishwa mambo ya leo hazimwingii kabisa: mfalme kwenye kituo cha mafuta, malkia anasukuma kitoroli cha dukani!

"Leo tu, Nevio," Ersilia alimwomba siku yenyewe tukiwa mezani, supu ikipoa. "Leo nyamaza."

"Nikinyamaza wataniona nimezeeka."

"Si umezeeka kweli? Kwani nani alikuficha?"

Mimi nilicheka. Ersilia hakucheka.

Kuna jambo hakumwambia mumewe, mimi aliniambia ngazini. Mwongozaji, mgeni kutoka Berlin, alitaka gauni la malkia liwe la zambarau. Zambarau, ndani ya jumba la maonyesho! Ndiyo rangi ya mapadri wakati wa Kwaresima, na zamani Kwaresima ikiingia majumba yalifungwa, waigizaji wakalala njaa. Mpaka leo kwetu hakuna anayeingia nayo hata kwenye skafu. Ersilia alikataa mara mbili. Mara ya tatu akashona.

Jumapili alasiri, sehemu ya pili, malkia akaingia nalo. Roshani nzima iligusa chuma cha ukingo kufukuza nuksi. Mimi pia niligusa, sioni haya kusema. Nevio alitikisa goti mpaka benchi likalia, lakini alijikaza. Yule binti aliyecheza malkia aliimba vizuri mno, nami kwa muda nikaisahau ile rangi.

Mwisho waimbaji wakapigiwa makofi. Kisha akatoka mwongozaji. Nevio akapeleka vidole mdomoni, nikamvuta koti.

"Mkeo anafuata, wewe!"

"Huyu ni Mjerumani tu," akasema, akapuliza.

Roshani ikalipuka. Na hapo hapo Ersilia akajitokeza nyuma ya yule mgeni, amepaka rangi ya mdomo, akainama katikati ya zile kelele. Nevio akaruka juu akipunga mikono.

"Basi! Basi jamani, ni mke wangu!"

"Mnunulie miwani, basi, aone rangi anazoshona!" mtu akajibu nyuma yetu, na zomeazomea ikazidi. Miaka yote hiyo aliwafundisha kuanza, kunyamaza hakuwafundisha. Akabaki anapiga makofi peke yake mpaka viganja vikawa vyekundu. Nilimhurumia, na nilitamani kumzaba kofi.

Tulimsubiri Ersilia mlango wa nyuma.

"Mluzi ulikuwa wa yule mgeni," Nevio akaanza. "Makofi ndiyo yalikuwa yako. Uliyasikia?"

"Niliyasikia." Alifunga vifungo vya koti, kimoja kimoja. "Wale wengine hawanijui, Nevio. Wewe nilikuomba."

Akanishika mkono mimi, tukaondoka.