Boriti ya Nyumba Namba Saba

Tarehe 4 Machi 1991, Mama Ndoo aliajiriwa kukamua ng'ombe katika shamba kubwa, na siku hiyohiyo akakabidhiwa ufunguo wa nyumba namba saba. Ni nyumba ya zamani ya wafanyakazi: vyumba viwili, kuta za mawe na chokaa, paa la vigae vizito, na boriti moja nene iliyovuka kutoka ukuta hadi ukuta.

Mumewe, dereva wa trekta, ni mrefu kupita kiasi. Kila asubuhi aliigonga boriti hiyo kwa paji la uso, na mama yake, ambaye siku hizi hawezi kutembea, alimcheka kutoka kitandani: "Imeshakusalimia?" Kiangazi kilichopita uvumilivu ukamwisha. Akaikata kwa msumeno, akaing'oa, akatengenezea benchi.

Mvua zilipoanza, ufa ulijitokeza juu ya kitanda cha bibi huyo. Mama Ndoo alibandika kipande cha gazeti juu ya ufa, akaenda kukamua. Aliporudi, gazeti lilikuwa limechanika katikati. Akamwita mumewe aje kuona.

"Nyumba kuukuu hii, inajinyoosha tu," mumewe alisema bila kumtazama.

"Basi kalale wewe pale, baba watoto."

Wote wawili walijua: nyumba ni mali ya shamba, na anayeiharibu huhamishwa. Kumwita mwashi wa shamba ilikuwa kujichongea.

Asubuhi iliyofuata mama mkwe alijipangusa shavu. "Mwanangu, mbona mnanipaka unga? Mnataka kunikaanga?"

Ilikuwa chokaa. Mama Ndoo alitoka mbio hadi karakana kumwita mwashi, hata kandambili moja ikabaki njiani.

Mwashi aliyatazama matundu mawili ukutani ilimokuwa boriti, kisha benchi.

"Hii ndiyo iliyoshika kuta zisiachane, shemeji. Sasa paa linazisukuma nje. Nani kaikata?"

"Mimi," mumewe alisema kwa sauti ndogo.

"Mtoeni mama kwanza. Mengine baadaye."

Walimtoa wakiwa wamemlaza juu ya benchi lilelile, huku Mama Ndoo akiusikia ukuta ukidondosha changarawe nyuma yao.

"Taratibu," mama mkwe alisema mlangoni. "Msinigongeshe kichwa."

Kuta zimeegemezwa kwa magogo, na familia inalala katika ghala la majani ya ng'ombe. Jumatatu dereva ameitwa ofisini kujieleza. Mama Ndoo ataenda naye.