Rubeni na Mvua Inayopanda

Rubeni alirudi Mhezi Januari ya mwaka 1968, Azimio la Arusha likiwa halijatimiza hata mwaka. Alishuka kwenye lori na sanduku zito lenye nyundo, patasi, misumeno miwili na spana za kila ukubwa. Miaka kumi na tisa alikuwa huko tambarare kwenye shamba la mkonge, akitengeneza korona, ile mashine inayosaga majani mpaka zibaki nyuzi tupu. Bei ya mkonge ilipoanguka, yeye na wenzake wakaambiwa asanteni, nendeni kwenu. Wengine walilia. Rubeni alifunga sanduku lake akaagana na watu vizuri, maana alikuwa na nadhiri ya siku nyingi: akifika nyumbani, mkono wa fundi mwingine hautagusa nyumba yake.

Na haukugusa. Alianza na mlango uliokuwa ukikwaruza sakafu. Aliuranda chini mpaka kuku wakawa wanapita bila kuinama. Akapigilia ubao kufidia, mlango ukarudi kukwaruza vilevile, tena kwa sauti kubwa zaidi. Dirisha la chumbani alilitia bawaba mpya, likawa linafunguka vizuri ajabu, ila kufungwa ndiko lilikokataa. Susana, mkewe, alicheka mpaka akashika mbavu. Alikuwa amelala peke yake miaka yote hiyo, mume akija likizo mara moja kwa mwaka, na sasa mume yupo, ana nyundo mkononi na vumbi la mbao kwenye nyusi. Kuku wapite tu.

Kisha ikaja zamu ya paa. Rubeni alikuwa amenunua mabati kwa kiinua mgongo chake, nayo yakapandishwa mlimani vichwani mwa watu. Tumainieli, balozi wa nyumba kumi, alipoyaona alikuja na habari njema ya msaragambo, kazi ya pamoja ya kijiji.

"Jumanne nitapuliza pembe," alisema. "Watu wa msaragambo wamemaliza kuzibua mfereji. Kila nyumba itatoa mtu mmoja, na jioni utalala chini ya bati."

"Asante, balozi. Lakini tumeambiwa tujitegemee."

"Tumeambiwa sisi, Rubeni. Sisi wengi. Wewe umesikia kama uliitwa peke yako?"

"Nyumba za manamba nimeziezeka mimi, safu kwa safu. Nitashindwa na hii moja?"

Tumainieli alimtazama, akalitazama lile dirisha lisilofungwa, akamtakia kazi njema akaondoka. Huo ndio uungwana wa balozi.

Rubeni akang'oa nyasi kuukuu, akagonga papi, zile mbao za kushikia bati, akapandisha bati la kwanza. Alianzia upande wa bondeni kwa sababu ardhi ya huko ni sawa na ngazi husimama vizuri. Kila bati jipya lililalia ubavu wa lile la nyuma yake, akisogea polepole kuelekea mlimani. Kazi ilipendeza. Mistari ilinyooka kama ya daftari.

Susana alisimama chini akikinga jua kwa kiganja, akamwita kwa jina la binti yao aliyekwisha kuolewa. "Baba Lukia, mbona umeanzia hapo? Huko ndiko mvua inakotokea."

Rubeni alikuwa na misumari minne mdomoni. Alijibu, "Mmh," akaendelea kugonga.

Mvua ya kwanza ya masika ilipiga Machi. Ikavuja. Haikuvuja mahali pamoja pa kuwekea sufuria, ilivuja kila bati lilipokutana na mwenzake, mistari mizima, tena iliyonyooka. Rubeni akasema ni misumari. Kulipokucha akapanda kuikaza yote. Mvua ya pili ikavuja zaidi. Akasema ni matundu ya misumari, akachemsha lami, akapaka kila kichwa cha msumari mpaka paa likawa na madoadoa kama kanga, na suruali yake pia. Mvua ya tatu ilipoanza, hakungoja hata ikatike. Alivaa koti lake la kiwandani akapanda juu humohumo kwenye maji, akigonga huku na kule. Susana alikuwa chini na mabeseni, akisogeza kitanda kona hii, akisogeza kona ile, na juu ya kichwa chake nyundo inalia.

Rubeni aliposhuka amelowa chapachapa alimkuta mkewe ameshafunga nguo zake kwenye kitenge.

"Naenda kwa kaka Gideoni," alisema.

"Mpaka lini?"

"Nyumba ya nyasi ilinivujia nikiwa peke yangu, nikavumilia. Hii inanivujia nina mume ndani. Hapana, Baba Lukia. Hii siiwezi."

Alivuka bonde bila kugeuka nyuma.

Watu wa Mhezi wana huruma, lakini wana midomo pia. Siku ya pili ikasemwa kisimani kwamba Susana amekimbia bati. Rubeni alisikia akajifanya hakusikia. Alipika ugali ukaungua chini na kubaki mbichi juu. Jioni alikaa kwenye kigoda katikati ya mabeseni na kwa mara ya kwanza akaogopa. Aliwaza kwamba mwanamke aliyeweza kuishi bila yeye miaka kumi na tisa hahitaji kujifunza upya namna ya kufanya hivyo.

Siku ya nne akachuma mkungu wa ndizi, akaubeba begani akavuka bonde. Gideoni, kaka mkubwa wa Susana, alikuwa barazani ananoa panga.

"Shikamoo, shemeji."

"Marahaba. Paa limepona?"

"Bado."

"Sasa umekuja kufanya nini?"

Swali lilikuwa la haki. Rubeni aliuteremsha mkungu kutoka begani. Gideoni akamhurumia, akapokea mkungu, akaita ndani. Susana alitoka akifuta mikono, akakaa mbali kidogo na mumewe.

"Nikuulize kitu," alisema. "Tangu tuoane, masika ya Mhezi umeyaona mara ngapi?"

Rubeni alianza kuhesabu likizo zake kwa vidole. Likizo yake ilikuwa Agosti, kila mwaka Agosti, wakati mlima umekauka na njia hazitelezi. Alizaliwa Mhezi hapohapo, ni kweli, lakini katika nyumba ya baba yake iliyojificha nyuma ya kilima, ambako upepo haufiki. Nyumba yao ya ukingoni mwa bonde waliijenga mwaka walipooana, akaiacha na mkewe.

"Haya ndiyo ya kwanza," alisema. Uso ulimwaka kwa aibu.

"Kule kwenu kwenye mkonge mvua inashuka. Hapa haishuki, inapanda. Inaanzia bondeni, upepo unaisukuma juu, inakuja imelala. Mimi nikipanda njia ile na mvua, khanga naivaa ukingo unaolala juu utazame mlimani. Ukitazama bondeni, maji yote yanaingia kifuani. Wewe mabati yako umeyavisha yote yanatazama bondeni."

Rubeni aliona paa lote kichwani mwake, kila ukingo umeachama kuupokea upepo. Akakumbuka pia ile misumari minne mdomoni.

"Uliniambia," alisema.

"Nilikuambia."

"Nifanyeje, Mama Lukia?"

Susana alimkazia macho. Tangu arudi, mwanamume huyu alikuwa amemweleza mengi kuhusu nyumba yake mwenyewe. Kumuuliza, hii ndiyo ilikuwa mara ya kwanza.

"Yashushe yote. Anzia mlimani."

Kuyashusha na kuyarudisha yote kati ya mvua na mvua si kazi ya mtu mmoja, na safari hii Rubeni hakujidanganya. Alikwenda moja kwa moja kwa Tumainieli akaomba msaragambo. Balozi angeweza kumsimanga. Alimwuliza tu, "Jumanne?" na alfajiri ya Jumanne pembe ikalia kilima hadi kilima.

Walikuja watu ishirini na zaidi, wengine kutoka ng'ambo ya bonde. Susana naye alikuja, lakini alieleza mapema kwamba amekuja kusimamia tu, na kwamba nguo zake zingali kwa Gideoni. Alisimama uani mikono kiunoni. "Hilo lirudi. Lilalie zaidi. Zaidi, Baba Lukia, unalionea huruma gani?" Rubeni, juu ya papi, alijibu kila mara "ndiyo," na misumari aliitia mfukoni ili mdomo ubaki wazi. Watu walicheka sana. Naye alicheka, na kile kicheko kilimpunguzia mzigo.

Saa tisa alasiri bati la mwisho lilikuwa linagongwa wakati bonde lilipofunikwa na ukungu. Watu wakaokota nyundo na makoti yao wakakimbia makwao. Susana alitazama njia ya kwa Gideoni, akatazama wingu, akaingia ndani.

Mvua ikaja imelala. Ilipiga paa kwa nguvu hata wakawa hawasikilizani. Susana alizunguka chumba kwa chumba akinyoosha kiganja: kona ya kitanda, kavu, jikoni, kavu, karibu na mlango, tone. Likafuata jingine.

Rubeni alishaliona. Alikuwa ameshika nyundo na mguu mmoja uko kizingitini.

"Unakwenda wapi?"

"Pale pana tundu."

"Nimeliona. Weka beseni, ukae."

Akaweka beseni. Akakaa kwenye kigoda, mikono mitupu, hajui pa kuiweka. Susana akavuta kigoda chake karibu, mpaka magoti yao yakagusana, maana bila hivyo wasingesikilizana.

"Masika ya mwaka wa hamsini na moja," alianza, "ukuta wa jikoni ulianguka mimi nina mimba ya Lukia, ya miezi minane. Mvua ilikuwa hivihivi."

"Ukafanyaje?" Rubeni aliuliza.

Akamwambia. Kisha akamwambia ya mwaka uliofuata, na wa baada ya huo, na Rubeni akawa anauliza, anashangaa, mara moja akajifuta macho bila kujificha. Walikuwa wamefika mwaka wa hamsini na sita walipogundua kwamba mvua ilikatika zamani. Susana akasimama, akanyoosha mgongo, akaenda kuwasha moto wa chakula cha jioni, cha watu wawili.