Kiganja Ubavuni mwa Gari la Maziwa

Mwezi uliopita nilisimama Bonga, pale wanapoosha magari kando ya barabara ya Dodoma, nikamkuta kijana anasugua ubavu wa basi kwa stiliwaya, ile ile ya kusugulia masufuria. Ubavu ulikuwa wa stenlesi, bati lisilopakwa rangi. Nikamwambia aache. Akanijibu kwa upole, "Dada, si unaona inavyong'aa?" Inang'aa, ndiyo. Ngoja mvua inyeshe. Niliondoka, na nikaona bora nikusimulie wewe, maana yeye alishaendelea kusugua.

Babu yangu alikuwa na gari la kubebea maziwa. Alfajiri alizunguka Nakwa na Bonga kukusanya maziwa, mchana akaliegesha uani kwetu Maisaka, na bodi yake yote ya nyuma ilikuwa stenlesi. Jumamosi tuliliosha bibi na mimi, babu amejilalia zake. Kwanza tulilimwagia maji vumbi lishuke, kwa sababu bibi alisema vumbi letu ukilisugua kavu ni msasa. Kisha sabuni kidogo na kipande cha kanga kuukuu, ukifuata mistari ya bati bila kuzungusha mkono. Halafu tulikausha upesi, maana maji ya kisima chetu yakijikaukia yenyewe yaliacha madoa meupe. Mwisho tone la mafuta ya alizeti, lipakwe hadi usilione. Ua mzima ulinukia alizeti na maziwa yaliyochacha, na bibi alinitania kwamba mume wangu atakuwa na gari safi ila atalala njaa, kwa ugali ule niliokuwa nasonga.

Babu naye alikuwa na mazoea yake. Kila alfajiri kabla ya kupanda alilipiga gari kofi moja karibu na mlango, kama anavyopigwa ng'ombe mtulivu. Alama ya kiganja ilibaki pale hadi Jumamosi, tukaifuta.

Babu akafariki ghafla, hospitalini. Jumamosi ya kwanza baada ya matanga, tulipofika penye alama ile, bibi alinishika mkono. Tuliosha bodi nzima, alama ile tukaiacha. Tangu hapo kila asubuhi alitoka na kikombe cha chai, akaweka kiganja chake juu ya kile cha babu na kusema, "Umeamkaje, mzee?" Kisha aliinamisha kichwa, kama mtu anayejibiwa. Akirudi ndani hakutaka kula. Alisema wameshakunywa chai. Alikonda hadi gauni la kanisani likawa linamvuka mabegani. Mimi niliogopa hata kupita uani. Sura ya bibi ilionekana ndani ya bati, imevutika na kurefuka, na nilijizuia kuangalia kama yuko peke yake.

Baba aliona wazi kwamba mama yake anamfuata babu. Jumapili moja, bibi akiwa ibadani, alichukua stiliwaya jikoni akaisugua ile alama, kidole kwa kidole, hadi ikatoka. Bibi aliporudi alipapasa pale, akaingia ndani akajilaza. Hakumlaumu mtu, na siku ile hakunywa hata maji.

Kisha ikaja mvua ya siku kadhaa. Ilipokatika, kiganja kilikuwa kimerudi, cha rangi ya kahawia, vidole vyote palepale. Nilipiga mayowe. Baba alimwita fundi wa bodi, naye akaeleza kwamba stiliwaya huacha chembe za chuma kwenye bati, na chembe hizo ndizo zinazoshika kutu. Aliyesugua umbo la kiganja atapata kutu yenye umbo la kiganja. Tulimwelewa vizuri, lakini hakuna aliyesogea karibu.

Bibi akatoka akishikilia ukuta, akaweka mkono wake juu ya ile kutu. Vidole viliishia pale kutu ilipoishia, na kidole chake kidogo, kilichopinda tangu ujana, kikalala kwenye mpindo wake sawasawa. Babu alikuwa na mikono mipana. Asubuhi zote zile, kwa kumgusa, bibi alikuwa akimfuta kidogo kidogo na kuacha alama yake mwenyewe.

"Huyu si mzee," alisema. "Nimekuwa nikijisalimia mwenyewe."

Jioni ile alikula, akaongezewa, na akamwambia baba aliondoe gari. Lilipotoka getini hakuligeukia. Akanenepa, akaishi miaka mingi, na baba alikuwa na furaha ya kubaki na mama yake. Nilifurahi na mimi. Ila babu hakutajwa tena katika nyumba ile, na kwa kuwa nilikuwa mdogo, kumbukumbu zangu juu yake zilikuwa chache, na zile kubwa alikuwa nazo bibi.

Nilipokuwa mtu mzima nilimkuta siku moja barazani anachambua mbaazi. Nikakaa, nikamsaidia, na mwishowe nikapata ujasiri wa kumwomba anisimulie babu alikuwa mtu wa namna gani.

Alinitazama kwa huruma, kama unavyomtazama mgeni aliyepotea njia.

"Babu yupi?" akauliza, akaendelea kuchambua.