Aikande, Mushi wa Mferejini

Mkono bado unagoma kuandika "alikuwa". Aikande, HR wetu na rafiki yangu wa miaka mingi, ametutoka. Jumanne alinitumia voice note ya kunisema kuhusu shati langu la njano. Alhamisi nikapigiwa simu.

Wengi mnaonifuata hapa mnadhani mimi ndiye niliyeijenga kampuni yetu ndogo ya software hapa Moshi. Sijawahi kuwasahihisha. Leo nasahihisha.

Mfumo wetu wa kwanza ulikuwa wa kupokea maziwa Kibosho. Akina mama wanaleta maziwa asubuhi, karani anapima, anaingiza kwenye simu. Nilijivuna nao mpaka nikaanza kutembea kwa madaha.

Kisha asubuhi moja ukaandika kwamba mke wa mwenyekiti wa jumuiya ameleta maziwa yaliyotiwa maji.

Maji yalikuwa ya mama mwingine. Wote wawili ni Mama Mushi, na kwa mfumo wangu walikuwa mtu mmoja. Kijijini kwao ukiita Mushi, hata ng'ombe wanageuka.

Mama wa watu alishuka mpaka ofisini na kidumu chake. Mimi nilijifungia chooni. Aikande alimpokea, akanywa kikombe kizima cha maziwa yale mbele yake, akamwomba radhi kwa Kichagga.

Chama cha wafugaji kikatupa wiki mbili: turekebishe, au wanarudi kwenye daftari. Ndio walikuwa mteja wetu pekee, na developer wetu alikuwa ameshahamia Dar. Bila wao tunafunga ofisi.

Nikatangaza kazi. Wakabaki wawili. Kaka mmoja kutoka Dar, CV kurasa sita, Kiingereza kinateleza. Na dada mmoja mpole, Neema, aliyejibu "sijui" mara tatu kwenye interview yangu.

Mimi huyo, offer letter ya kaka nikaiprinti siku ileile.

Aikande akaisoma, akaikunja, akaitia kwenye pochi yake. "Mkurugenzi," akasema (aliniita hivyo kila alipotaka kunidharau kwa heshima), "kesho nawapandisha wote wawili Kibosho. Wakapange foleni ya maziwa."

Kaka wa Dar alifungua laptop juu ya ndoo iliyofunikwa, akaeleza kwamba kila mama atapewa namba ya tarakimu kumi. Bibi mmoja akamtazama kwa huruma. "Mwanangu, ng'ombe wangu ana jina. Mimi ndiyo niwe namba?"

Neema aliamkia foleni nzima shikamoo, mmoja mmoja. Laptop haikutoka kwenye begi. Akamuuliza karani, "Kabla ya hii simu, mlikuwa mnawatofautishaje?"

Karani akacheka. Si kuna Mushi wa Shuleni, Mushi wa Darajani, Mushi wa Mferejini?

Jamani. Mtaa mzima ulikuwa na jibu, ila mfumo wangu haukuwa na pa kuliandika.

Na Mushi wa Mferejini ni nani? Aikande mwenyewe, mzaliwa wa palepale! Nikamuuliza njiani tukishuka kwa nini hakuniambia tangu mwanzo.

"Hukuniuliza, Mkurugenzi."

Neema alimaliza kazi kwa siku tisa. Chama kikabaki. Yule mama akashuka tena na kidumu, safari hii zawadi, nami nikatoka chooni kama mwanaume.

Tangu hapo hakuna developer aliyeajiriwa kwetu bila kusimama kwanza kwenye ile foleni. Hata yule kaka wa Dar alirudi, akapanga foleni, akapata kazi. Siku hizi anaamkia watu kuliko padre. Na Neema ndiye anayetuongoza sote, mimi nikiwemo.

Ushindi huo wote, Aikande, ulikuwa umeukunja kwenye pochi yako.

Jumamosi tulimzika kihambani kwao, kati ya migomba, palipojaa misalaba ya akina Mushi. Fundi alikuwa ameandika jina lake tu. Neema akaomba brashi na rangi, akapiga magoti, akaongeza: wa Mferejini.

Yule mama wa kidumu alikuwa amesimama nyuma yangu. "Haya," akasema, "sasa hatachanganywa na mtu."

Lile shati nimeligawa, Aika. Lala salama, Mushi wa Mferejini.