Gari la Baridi la Babu Shaibu

Babu yangu aliitwa Baba Nzi. Na waliomwita hivyo hawakuwa maadui zake, walikuwa watu wanaompenda kabisa.

Jina lilizaliwa harusini, Makole, katikati ya miaka ya tisini, ile miaka ya ruksa ambayo kila mtu aliamka kawa mfanyabiashara, hata ambao hawakuwahi kuuza karanga. Babu Shaibu yeye alikuwa analeta samaki kutoka bwawa la Mtera kwa pikapu ya wazi: barafu chini, maranda ya mbao katikati, turubai juu. Siku hiyo kaahidi perege wa harusi. Pikapu ilipokata kona, bwana harusi, jamaa mmoja anaitwa Abdulnasiri, aliona wingu la nzi kwanza, gari baadaye. Akasema kwa utulivu kabisa, "Baba yao kafika."

Imeisha hiyo. Wapiga dufu walishindwa kupiga kwa kucheka. Watu wakala pilau kwa maharage, wakaenda nalo jina nyumbani. Kufika wiki inayofuata, kwenye mkutano wa mtaa mwenyekiti anasema, "Sasa tumsikilize ndugu yetu Baba Nzi," na babu mwenyewe ananyanyuka.

Sasa msidhani shida ilikuwa barafu. Shida ilikuwa babu hawezi kumpita mtu barabarani. Hawezi, yaani kaumbwa hivyo. Akiona mtu kasimama na mfuko, breki. Akishuka, salamu. Na salamu za barabara ile si "mambo, poa" zenu hizi. Unauliza mtu, unauliza watoto, unauliza ng'ombe, unauliza mvua kama ilikuja, halafu mwenzio naye anaanza kuuliza upande wake. Wakimaliza, abiria anapanda nyuma na kukalia samaki. Safari ya asubuhi moja babu alikuwa anaimaliza jioni, ana abiria wanane na barafu hana.

Aliyemkalisha chini ni Angelina. Huyu mama alikuwa na gesti na mgahawa mjini, vikao vya Bunge vikianza hupati hata kiti. Samaki wake wote alikuwa ananunua kwa babu, na bila yeye babu angebaki anauza kwa paka.

"Kaka Shaibu," akamwambia, "samaki wako wanafika wamechoka kuliko wewe."

"Barabara mbaya, mama."

"Barabara ni ileile na basi linawahi. Nataka gari la baridi, la kufungwa mlango. Kikao cha bajeti kikianza sijaliona, nachukua samaki wa Mwanza, wanaletwa na treni. Treni haisimami kusalimia ng'ombe."

Basi babu akauza pikapu na kiwanja, akaenda Dar kununua gari. Akamchukua rafiki yake Halfani, fundi friji wa Majengo. Bibi Salwa naye akapanda basi bila kualikwa. Kaulizwa anaenda kufanya nini, kajibu, "Kukaa."

Kwenye yadi kulikuwa na magari mawili ya baridi yaliyotoka Japani, na maandishi yake ubavuni ambayo hata muuzaji hajui yanasema nini. La kwanza likubwa, jeupe, boksi la nyuma refu kama chumba cha kupanga. Halfani kaingiza kichwa kwenye mashine, kasema nzima. La pili kadogo, viti viwili tu, boksi lake fupi, mtu mzima akiingia anarukuu. Halfani kaangalia na mashine yake, kasema nzima vilevile.

Babu moyo wake ulishaenda kwenye kubwa. Akaingia ndani, akafunga mlango, akatoka baadaye na ndevu zina unyevu, anafurahi kama mtoto.

"Baridi ipo," akasema. Halafu akarudi ndani, akageuza kreti, akaikalia. Akasogea, akakalia na upande wa pili. Akamuuliza muuzaji, "Mtu akikaa hapa mpaka mjini, atadhurika?"

"Mzee, hili gari la samaki."

"Najua la samaki. Nakuuliza mtu."

"Mtu gani?"

"Mtu yeyote. Akijifunika blanketi."

Bibi Salwa alikuwa kasimama pembeni. Akaenda kwenye kale kadogo, akafungua mlango wa abiria, akaingia, akaweka mkoba mapajani.

"Halfani," akaita, "haka kanashika baridi?"

"Kanashika shemeji, tena haraka. Kadogo haka."

"Baba Jaha, tunachukua haka."

"Mama Jaha, haka mtu mzima haenei."

"Ndiyo."

"Sasa tukikuta mtu njiani?"

"Kiti kiko kimoja na nimeshakikalia. Nitakikalia kila safari."

Babu akamtazama Halfani amtetee. Halfani kagundua ghafla kuna nati chini ya gari inahitaji kukazwa.

Alhamisi ya kwanza ya kikao cha bajeti, kagari kanatoka Mtera na perege na kambale wa Angelina, baridi imeshika, bibi kitini. Wanapungiwa mikono njiani, babu anaonesha kiti kimejaa, anapita. Roho inamuuma lakini anapita. Wakafika Fufu.

Fufu kuna Bartolomayo. Huyu ni Mgogo mfugaji, na babu ukoo wake ni wa Wanyamwezi waliokuja na misafara, kwa hiyo ni watani. Na mtani hapungiwi mkono. Alikuwa kasimama katikati ya barabara.

"Mtani, umenunua kiatu?" akauliza, anakazunguka kagari. "Na mimi nakaa wapi?"

"Nafasi hakuna, mtani."

"Huyu je?"

"Mke wangu."

"Mshushe, ana miguu mizuri."

"Nishushe uone," bibi akasema kutoka dirishani.

Bartolomayo hakubishana. Kaenda nyuma, kafungua mlango mwenyewe, maana mtani haombi. Baridi ikamgonga usoni. Akaingiza kichwa, akaingiza na mabega, akakaa hivyo. Kisha akageuka akaita kijiji.

Hilo bibi hakulipigia hesabu. Alizuia abiria, hakuzuia wageni wa baridi. Jua la Fufu mnalijua. Wamama wakaja na watoto mgongoni, wazee wakavua kofia waingize vipara, mwingine kaleta kibuyu cha maziwa kipoe kidogo. Foleni kabisa, wanapishana kwa adabu, na mlango uko wazi. Kaboksi kenyewe kadogo, baridi inamwagika kama maji.

Babu angefanya nini? Alikuwa anasalimia.

Bibi akashuka, akamvuta Bartolomayo pembeni. "Mtani, ondoa watu wako. Hawa samaki wakiharibika leo, huyu bwana hana mteja wala gari tena."

"Utanipa nini?"

"Kambale."

"Wawili."

"Wawili."

Bartolomayo akavua kofia, akaiweka kifuani, akasema maneno machache ya Kigogo. Foleni ikakatika. Mlango ukafungwa polepole, kwa heshima. Mama mmoja akaanza kulia. Babu, anayejua Kigogo vizuri, akageuka rangi.

"Kawaambia nini?" bibi akanong'ona.

"Kawaambia nyuma kuna maiti. Ndugu yetu wa Mtera."

Sasa uso wa babu haujawahi kufuata amri, lakini ilibidi uhuzunike. Watu wanampa mkono mmoja mmoja. Bibi kapakatishwa kuku wa rambirambi. Wakaondoka taratibu kama msafara wa mazishi, na kuanzia hapo hakuna aliyewasimamisha. Mbele kidogo basi la Iringa, lililosimama Fufu likapakia watu na habari zao, likawapita.

Sasa fikirieni nani alifika mjini kwanza.

Angelina alikuwa anawasubiri mlangoni, mikono kiunoni. Alikagua samaki, akavuta mashavu, mekundu. Akabonyeza macho, maangavu. Hajawahi kupokea samaki kama wale, na akasema hachukui.

"Nasikia wamesafiri na maiti."

"Hakuna maiti, mama," babu akasema.

"Na huyo kuku?"

"Wa rambirambi."

"Ya nani?"

Babu akafikiri. Akamtazama kuku. "Ya mtu ambaye hayupo," akasema, na hapo kesi ikawa mbaya zaidi. Wateja wa mchana wanaanza kuingia, na wawili walishaagiza maharage.

Bibi Salwa akachukua perege mmoja kutoka nyuma, akampelekea mpishi, "Kaanga." Akakaa meza ya mbele kabisa, ambayo kila anayeingia lazima aipite. Mjue kwamba bibi samaki wa Mtera alikuwa anawauza tu, hawali, harufu yao ilishamshinda zamani. Samaki akaletwa. Bibi akamla. Mkia, mapezi, akavunja kichwa, akanyonya hadi macho, hakukunja uso. Akaomba ndimu.

Mheshimiwa mmoja akasimama pale pale. "Mama, na mimi naomba kama huyo."

Angelina akageukia jikoni, akawaambia wapokee kreti zote. Kisha akamwambia babu, "Jumanne na Alhamisi. Na uandike ubavuni watu wajue umebeba nini."

Yakaandikwa, rangi nyekundu, pande zote mbili: SAMAKI TU. Bibi aliendelea kukalia kile kiti mwaka mzima, hadi babu alipojifunza kupunga mkono bila kukanyaga breki.

Haya, zamu yenu sasa. Gari la kwanza la biashara kwenu lilichaguliwaje, na nani alikuwa na neno la mwisho? Kuna mzee alinunua basi kwa sababu ya honi? Kuna shangazi aliyekataa lori kwa kuwa linafanana na mkwe wake? Andikeni hapo chini, na majina ya utani msifiche.