Mafungu Matatu na Nyanya Sita

Wewe uliyekabidhiwa uwanja mwaka huu, na buti zako bado zinanuka duka, nisikilize kidogo. Nitakueleza kazi yetu ilivyokuwa hapa Durban nilipoianza mwaka 2008, nikiwa mtu mzima wa miaka hamsini na mbili, mgeni kutoka Tanga. Mashine zenu za sasa ni nzuri kuliko zetu, na sina wivu. Lakini majani bado ni majani, na mtu anayekuja kutazama mchezo ni yuleyule.

Siku yangu ya kwanza ilikuwa Greyville, kwenye kiwanja kidogo karibu na uwanja wa mbio za farasi. Nilipokelewa na Meneja wa Viwanja, Mzulu mrefu asiyependa maneno mengi. Alinipa kamba, vigingi viwili na mashine ya chokaa, ile ya kusukuma kwa mkono, akaniambia nichore mstari wa pembeni. Kamba unaifunga kwenye vigingi na kuivuta mpaka ikigongwa kwa kidole inalia. Kisha unaifuata na mashine taratibu, bila kusimama njiani, kwa sababu ukisimama chokaa inafanya dimbwi. Nilipomaliza akaniita.

"Baba, mstari umenyooka?"

"Umenyooka, bosi."

"Umenyooka kwako uliyeuchora. Vuka upande wa pili, piga magoti, utazame tena."

Nikavuka, nikapiga magoti. Katikati mstari ulikuwa na tumbo kama nyoka aliyemeza panya. Meneja hakunicheka wala hakunikemea. Alisema neno moja tu, "Anza," akaenda zake.

Mwaka uliofuata nilihamishiwa South Beach, kwenye bustani na viwanja vya watoto chini ya maghorofa. Huko nilikuwa chini ya Msimamizi wa Ufukweni, mama wa Kihindi aliyejua majani kama wengine wanavyojua watoto wao. Adui wa pale ni upepo wa baharini, maana unaleta chumvi. "Mwagilia kabla ya saa moja asubuhi," aliniambia. "Jua likikuta chumvi juu ya jani, jani limekwisha." Nilikaa naye miaka mitatu. Hata leo, nikipita mahali penye majani, mkono wangu huenda chini wenyewe kuyagusa.

Mwaka 2012 nilirudishwa Greyville kuwa mtunza uwanja mkuu, na hapo ndipo nilipokutana na mchezo ambao sikuwahi kuuona. Alikuja Katibu wa Ligi, mwanamke wa Kiayalandi aliyekuwa muuguzi hapa mjini, akataka kukodi uwanja kila Jumamosi alasiri.

"Mnacheza soka?" nikamuuliza.

"Hapana, Mzee."

"Raga?"

"Hapana. Ni mpira wa Kigaeli, wa kwetu Ayalandi. Utatupokea au hutatupokea?"

"Sijawajua bado."

Akacheka, akanifundisha. Mpira ni wa duara, mdogo kidogo kuliko wa soka. Unaruhusiwa kuushika kwa mikono na kukimbia nao, lakini kila hatua nne lazima uudundishe chini au uupige kwa mguu wako urudi mikononi. Goli lina nguzo ndefu zinazopita juu ya mwamba, na mimi nilizitengeneza kwa kufunga mabomba marefu ya plastiki kwenye magoli yetu ya soka. Mpira ukipita juu ya mwamba, ni pointi, na anayesimama golini anainua bendera nyeupe. Ukiingia chini ya mwamba, wavuni, ni goli, na anainua bendera ya kijani. Goli moja lina thamani ya pointi tatu. Ubaoni kila timu ina visanduku viwili, cha kwanza cha magoli na cha pili cha pointi.

Kwa kuwa sikuwa wa timu yoyote, Katibu alinivika koti jeupe refu kama la daktari, akanikabidhi bendera zote mbili na vibao vya namba vya kutundika. Kwa hiyo mchoraji wa mistari nikawa pia mwamuzi wa goli upande wa ubao. Sheria ya koti lile ni moja: ukilivaa, husemi na mtu mpaka filimbi ya mwisho.

Timu zilikuwa tatu, na ligi ya timu tatu haina raha, kila wiki timu moja inakaa. Katibu akatafuta ya nne. Nikampeleka Warwick, sokoni, kwa vijana wa Kirundi na wa Kikongo wanaobeba mizigo kwa mikokoteni kati ya kituo cha teksi, daladala za huku, na vibanda. Nilimwambia, "Watu hawa wanapita na gunia katika umati bila kumgusa mtu. Mpe mpira mmoja wao uone." Akampa Claver, Mrundi wa miaka thelathini hivi, mpole, mwenye mabega ya mbao. Siku ileile tukapata timu ya nne, ikaitwa Warwick.

Na ikaja na mashabiki wake! Wa soka la Greyville hukaa wakila karanga. Hawa walikuja na ngoma za kanisani, wakiongozwa na Mama Dorcas, muuza nyanya, shangazi yake Claver. Jumamosi ya kwanza aliniita kabla sijavaa koti.

"Papa Shabani, hii mpira tunaifurahia wakati gani?"

"Ukiona bendera nyeupe, piga ngoma."

"Na ile ya kijani?"

"Hiyo piga zaidi."

"Sharp," akasema, yaani sawa kwa lugha ya huku, akaenda kukaa. Nikajiona nimefundisha.

Warwick walifungwa mechi ya kwanza, ya pili, na zote zilizofuata. Walikuwa na mbio lakini hawakujua kupiga juu. Miguu yao ilikuwa ya soka, kila mpira ulitambaa chini. Walifungwa kwa tofauti kubwa hivi kwamba hakuna aliyehitaji kuhesabu. Wiki moja kabla ya mechi ya mwisho Katibu alinikuta nikinoa visu vya mashine ya majani.

"Mzee, kamati imeamua. Timu itakayomaliza bila kushinda hata mara moja, msimu ujao haipo. Wamechoka na mechi za upande mmoja. Nimepinga, nimeshindwa kwa kura."

"Claver anajua?"

"Nimemwambia."

Jumatatu nilipita Warwick kununua nyanya nikamkuta Claver ameegemea mkokoteni. Nikamwambia ajipe moyo. Akasema, "Mzee, hapa wananiita kwa jina la mkokoteni: 'Wewe, trolley, njoo.' Miaka sita. Pale uwanjani watu wananiita Claver, hata wapinzani. Nataka kuendelea kuitwa Claver."

Jumamosi ile nilichora mistari kwa uangalifu kuliko siku zote, kwa sababu ndicho nilichoweza kumpa.

Wapinzani walikuwa vinara wa ligi, timu ambayo haikuwa imefungwa na mtu. Walianza kama kawaida yao, pointi baada ya pointi juu ya mwamba. Kwa Warwick, jambo geni likatokea. Mvua ilinyesha asubuhi, majani yalikuwa na utelezi, na ile mipira yao ya chini ambayo ilikuwa aibu wiki zote ikawa inateleza mikononi mwa kipa. Ikaingia moja wavuni. Ikaingia ya pili. Na walipofika karibu, wakavusha sita juu ya mwamba kwa ngumi. Zikabaki dakika tano, na ubao nilioutundika mwenyewe ukasema: Warwick magoli mawili, pointi sita. Wageni hakuna goli, pointi kumi na nne. Mawili mara tatu ni sita, na sita ni kumi na mbili. Walikuwa nyuma kwa pointi mbili tu!

Nikageuka kuwaona mashabiki, nikitegemea kukuta uwanja unawaka. Walikuwa wanakunja mikeka.

Mama Dorcas alikuwa amebeba ngoma kichwani na kikapu mkononi, watu zaidi ya ishirini nyuma yake, wanatoka getini mmoja mmoja kwa huzuni. Hapo ndipo nilipoelewa. Walikuwa wamejumlisha mawili na sita wakapata nane, kama watu wa soka wangefanya. Nane kwa kumi na nne, dakika tano. Nani angebaki? Nilitaka kupiga kelele. Lakini nilikuwa ndani ya koti, na filimbi ya mwisho ilikuwa bado. Niliona pia Claver amesimama na mpira, akiitazama migongo ya watu wake.

Dakika ya mwisho Warwick wakapewa mpira wa adhabu, mita thelathini hivi. Claver akauweka chini. Wachezaji wenzake wakamwita: "Juu, Claver! Juu!" Akarudi nyuma, akapiga. Ulipanda vizuri, nikaanza kushika bendera nyeupe. Kisha ukachoka. Ukashuka kama tunda lililoiva, ukapita juu ya mikono ya kipa, chini ya mwamba, wavuni.

Niliinua ya kijani mpaka bega likauma. Nikatundika tatu pale palipokuwa na mbili. Filimbi ikalia. Kumi na tano kwa kumi na nne.

Wachezaji walirukiana, lakini Claver alitembea kuelekea pale walipokuwa wamekaa watu wake akiwa ameinua mikono, halafu akaishusha. Nikaona siwezi kusubiri. Nilitoka mbio na koti langu, bendera mkononi, nikawafikia kwenye robot, taa za barabarani, wakipanda teksi.

"Mama Dorcas! Shukeni! Mmeshinda!"

"Papa, usitutanie. Leo hatuko na moyo."

"Mmeshinda, nakuapia."

"Tumekula kumi na nne! Iko ushindi gani wa kula kumi na nne?"

Dereva akapiga honi. "Babu, unapanda ama unacheza na bendera?"

Nikashika kikapu chake. Ndani mlikuwa na nyanya alizobakiza sokoni. "Mama, fungu lako moja lina nyanya ngapi?"

"Tatu. Unanunua?"

"Goli ni fungu. Pointi ni nyanya moja moja. Leo Claver na wenzake wameleta mafungu matatu, na nyanya sita pembeni."

Hakuhitaji vidole. "Kumi na tano," akasema papo hapo. Kisha akauliza: "Na wale?"

"Hawana fungu hata moja. Nyanya kumi na nne."

"Eish!" Aliisema kwa sauti ndogo kabisa. Halafu kwa sauti kubwa: "Nyie! Shukeni! Tumeacha mtoto peke yake na ushindi wake!"

Sijaona watu wakishuka teksi namna ile. Mmoja alitokea dirishani. Ngoma ilianza barabarani, mbele ya robot iliyokuwa nyekundu, na dereva naye akazima gari akaja kuona kulikoni. Tulipoingia getini Claver alikuwa amekaa katikati ya uwanja, anafungua kamba za viatu. Akatuona. Mama Dorcas alimfikia wa kwanza, akampiga kofi la mgongo.

"Kwa nini hukutuambia kama ni mafungu?"

"Shangazi, nilijua mnajua."

"Na ile ya mwisho umepiga vizuri sana, mwanangu."

Claver akanitazama, akaangalia chini. "Nilitaka kupiga juu," akasema. Uwanja mzima ukacheka, hata wageni waliofungwa. Katibu wa Ligi alikuwa anacheka huku anafuta macho. Nahodha wa wageni akaja kumpa mkono. "Msimu ujao, Claver," alimwambia. Alimwita kwa jina.

Lakini mimi usiku huo sikujisifu. Kosa lilikuwa langu. Nilikuwa nimewaambia wapige ngoma lini, sikuwaambia wanapigia nini. Ubao ulikuwa sahihi kwangu mimi niliyeutundika. Kwa hiyo Jumatatu nilichukua rangi nyekundu, nikachora nyanya tatu chini ya kisanduku cha magoli, na nyanya moja chini ya kisanduku cha pointi. Meneja wa Viwanja alipita kukagua, akasimama mbele ya ubao kwa muda.

"Baba, hizi ni nini?"

"Nyanya, bosi."

Alivuka uwanja mzima mpaka walipozoea kukaa kina Mama Dorcas, akakaa chini kwenye majani na suruali yake safi, akatazama. Kisha akainua dole gumba.

Warwick walicheza msimu uliofuata na ule uliofuata. Hawakuwa mabingwa. Walishinda nusu, walifungwa nusu, na hakuna shabiki aliyeondoka mapema tena. Nilistaafu mwaka 2015. Siku ya kuniaga Mama Dorcas aliniletea fungu moja, akasema, "Goli lako, Papa." Sasa hivi nakaa South Beach kwa binti yangu, na Jumamosi magoti yakikubali naenda kutazama. Rangi ya nyanya imefifia kidogo, lakini naona mtu ameipitia kwa brashi mara moja au mbili. Sijui ni nani. Labda ni wewe.

Basi kesho, ukimaliza kuchora na kutundika, usirudishe vifaa stoo kwanza. Vuka uende upande wa watazamaji, kaa chini kabisa, umwombe mgeni aliye karibu nawe akusomee ubao kwa sauti.